Je, wajua kwa nini waimbaji wa kantri waliimba pombe Jumamosi na Yesu Jumapili?

Tarehe 1 Januari 1953, watu wa mji wa Canton, jimbo la Ohio, walijaza ukumbi kumsubiri Hank Williams. Walikuwa wamelipa kiingilio wasikie nyimbo za mapenzi yaliyovunjika na usiku wa upweke, maana hizo ndizo zilizompa jina. Hakufika. Alifia kwenye kiti cha nyuma cha gari lililokuwa likimleta, akiwa na miaka 29, mwili umechakazwa na pombe na dawa. Habari ilipotangazwa, baadhi ya watu walicheka wakidhani ni mzaha. Kisha bendi ikaanza kupiga "I Saw the Light", wimbo wake mwenyewe wa mtu aliyetangatanga gizani hadi akaiona nuru ya Bwana. Hapo wakajua ni kweli, wakauimba pamoja na bendi.

Ilikuwaje basi mlevi awaachie watu wimbo wa wokovu, nao wasione ajabu? Wapo wanaojibu upesi kwamba ni unafiki. Mimi sikubaliani nao. Ukiufuata muziki wa kantri hadi ulikochimbuka, utakuta kilabu na kanisa vilichota kisima kimoja.

Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mtoto wa mkulima maskini alijifunzia muziki kanisani. Walimu wa kuimba walizunguka vijijini wakifundisha watu kusoma noti zilizochorwa kwa maumbo: pembetatu, mraba, duara na mengineyo, kila umbo na sauti yake. Aliyewahi kufundishwa kwaya kwa do-re-mi ubaoni ataelewa mara moja. Nyuma ya walimu hao walikuwapo wachapishaji wa vitabu vya nyimbo. Mwaka 1910 James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, alituma kikundi cha wanaume wanne kuzunguka wakiimba ili vitabu vyake vinunuliwe. Watu walivinunua, wakarudi navyo nyumbani, ambako gitaa na fidla vilining'inia ukutani vikingoja wimbo wowote, uwe wa Mungu au wa dunia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Albert Brumley. Mwaka 1929 alikuwa akichuma pamba shambani kwa baba yake huko Oklahoma, huku akiimbaimba wimbo uliokuwa umevuma miaka ile, wa mfungwa anayetamani mabawa aruke ukuta wa gereza. Akaona kwamba huyo mfungwa ni yeye: gereza ni maisha haya, na siku ya kuruka ni siku ya kufa. Ndipo akatunga "I'll Fly Away", yaani nitaruka niende zangu, wimbo uliochapishwa mwaka 1932 na ambao hadi leo huimbwa kwenye mazishi kote Marekani. Wimbo wa dunia ulikuwa umeokoka palepale kwenye pamba.

Miaka miwili kabla ya hapo, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alikuwa amefika na mitambo yake Bristol, mji uliokaa juu ya mpaka wa Tennessee na Virginia. Kati ya tarehe 25 Julai na 5 Agosti 1927 alirekodi huko vikundi 19. Wengi huziita siku hizo kuzaliwa kwa kantri, na wanapozitaja humkumbuka Jimmie Rodgers na nyimbo zake za mzururaji. Lakini katika chumba hichohicho waliimba wahubiri na vikundi vya makanisa ya Kipentekoste. Na waliimba familia ya Carter: A.P., mkewe Sara, na Maybelle, binamu ya Sara, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito.

A.P. Carter alikuwa mkusanyaji wa nyimbo. Alipanda milima akibisha hodi nyumba hadi nyumba, na mara nyingi mwenzake wa safari alikuwa Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi aliyekuwa amepoteza mguu katika ajali kiwandani. A.P. aliandika maneno, Riddle akahifadhi sauti kichwani. Nyingi zilikuwa nyimbo za kanisani. Wimbo mmoja wa mwaka 1907 ulikuwa ukiuliza kama jamaa wote watakutana mbinguni bila pengo. Familia ya Carter waliurekodi mwaka 1935 kwa maneno mapya, na humo mtoto anasimama dirishani akilitazama gari la maiti likija kumchukua mama yake. Swali la mbinguni likateremshwa hadi mlangoni kwa mfiwa, na nadhani ndiyo sababu watu hawajaliacha hadi leo.

Jina la Riddle halikuandikwa kwenye santuri hizo, na deni la kantri kwa Weusi ni kubwa kuliko mtu huyo mmoja. Thomas A. Dorsey alikuwa mpiga piano wa bluzi, tena bluzi za matusi. Mwaka 1932 alikuwa St. Louis akiimba kwenye mkutano wa injili alipoletewa simu ya maandishi kwamba mkewe, Nettie, amefariki akijifungua. Mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Katika msiba huo alitunga "Take My Hand, Precious Lord", ombi la mtu aliyechoka anayetaka kushikwa mkono. Wimbo wake mwingine, "Peace in the Valley", ulirekodiwa na Red Foley, mwimbaji Mzungu wa kantri, mwaka 1951, ukauza nakala zaidi ya milioni.

Hata jukwaa kuu la kantri, Ryman Auditorium ya Nashville, lilijengwa liwe nyumba ya ibada. Thomas Ryman, tajiri wa meli za mtoni, aliokoka mwaka 1885 kwa mahubiri ya Sam Jones, na jengo lake likafunguliwa mwaka 1892. Kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kilirushwa kutoka humo kuanzia 1943 hadi 1974, na waliokuja kusikia habari za wake waliokimbia na chupa zilizokwisha walikaa kwenye mabenchi ya kanisa.

Johnny Cash naye alitoka kwenye mashamba ya pamba, Dyess, Arkansas. Mwaka 1944 kaka yake Jack, kijana wa miaka 14 aliyetaka kuwa mhubiri, alikatwa na msumeno wa mashine akafa. Cash alisimulia baadaye kwamba Jack, roho ikimtoka, alimwuliza mama yao kama anawasikia malaika wakiimba. Alipokwenda Memphis kutafuta kazi kwa Sam Phillips, mwenye studio ya kurekodi santuri, alitaka kuimba injili, akaambiwa haina soko. Akaimba ya dunia na kuvuma. Alipohamia kampuni ya Columbia mwaka 1958 hakusahau haja yake, na mwaka 1959 albamu yake ya nyimbo za dini ikatoka.

Kwetu Kenya sauti iliyoingia ndani zaidi ni ya Jim Reeves, ile ya taratibu isiyomwinulia mtu sauti. Wako wazee wanaokijua kwa moyo kila kibao chake cha mapenzi, na haohao humtaka awaimbie "This World Is Not My Home", kwamba dunia hii si kwetu, siku ya matanga. Hawaoni mgongano wowote, kama wale wa Canton.

Wimbo wa Hank wenyewe una sauti inayokaribiana sana na ya utungo mmoja wa Brumley, na Hank alikua akimsikia mama yake, Lillie, akipiga kinanda kanisani. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja walikuwa wakirudi Montgomery, Alabama, kutoka kwenye onyesho, mama akiwa macho na mwanawe kalala hoi kwenye kiti cha nyuma. Mbele gizani zikatokea taa za uwanja wa ndege, alama kwamba nyumbani ni karibu. Mama akamwamsha: amka, nimeiona nuru.