Mvua ya Kutosha, Mto Hakuna

Wengi hudhani kisiwa chenye mlima mrefu na mvua nyingi lazima kiwe na mito. Nenda Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, uutafute mto mmoja tu unaotiririka mwaka mzima. Hupati. Na hiyo mvua inanyesha kweli, hasa upande wa magharibi wa mlima Karthala wenye urefu wa mita 2,361.

Kisa ni mwamba. Karthala ni volkano hai, na lava yake bado changa: imejaa nyufa na matundu kama sifongo. Maji yakidondoka huzama papo hapo, yakashuka chini kabisa na kuelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi ni mepesi kuliko ya chumvi. Ukichimba kisima pwani, ukavuta kwa pupa, chumvi inapanda.

Ndiyo maana huko juu watu hukinga mvua ya paa kwenye birika za saruji. Hilo nalo lina mashaka yake: Karthala ilipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia birikani na maji yakaharibika.

Jirani yake Nzwani ni kisiwa kikongwe zaidi. Mwamba wake umeoza ukawa udongo mzito usiopitisha maji upesi, kwa hiyo mito ipo. Ilivyo sasa, misitu imekatwa, na mito mingi iliyokuwa ya kudumu hukauka kiangazi.