Je, ubongo hubaki na njaa bila nafaka?

Imesemwa kwa miaka mingi kwamba chakula cha ubongo ni glukosi, yaani sukari iliyo kwenye damu, kwa hiyo asiyekula nafaka ataishiwa nguvu na akili. Nusu ya kwanza ina ukweli: ubongo wa mtu mzima hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku. Kosa ni kudhani kwamba lazima yote ipitie mdomoni. Ini huitengeneza lenyewe kutokana na protini na gliseroli, sehemu ndogo itokayo kwenye mafuta. Wanga, ambao ndio umejaa kwenye nafaka, unapopungua sana mwilini, ini hilohilo hugeuza mafuta kuwa ketoni, nishati mbadala ya glukosi, na ubongo huzitumia vizuri.

Mbona basi wengi huumwa kichwa na kulegea wiki ya kwanza ya kupunguza wanga? Mara nyingi ni maji na chumvi. Kila gramu ya glikojeni, yaani akiba ya glukosi mwilini, huhifadhiwa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Akiba ikipungua, maji hayo hutoka. Insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, nayo ikishuka, figo hutoa sodiamu (madini yaliyomo kwenye chumvi) zaidi kwenye mkojo. Anayejaza maji matupu bila chumvi huweza kulegea zaidi. Supu yenye chumvi, kikombe kimoja au viwili kwa siku, mara nyingi hutosha. Mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au wa figo amuulize daktari kwanza.

Na hili tunalisisitiza: anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze wanga kabla daktari hajapanga dozi upya, maana sukari inaweza kushuka hadi azimie.