Notisi ya msongamano imwendee mwenye nyumba

Ploti, yaani jengo la vyumba vya kupanga, ikijaa kupita kiasi hapa Nairobi, wengi hudhani dawa ni kanjo (askari wa kaunti) kuja kuhesabu vichwa na kuwatoa waliozidi. Sikubaliani kabisa. Familia ya watu 6 ikiondolewa kwenye chumba cha futi 10 kwa 10 kule Mathare haiendi Kilimani, mtaa wa wenye pesa. Itapanga chumba kingine kama hicho Huruma, na msongamano utakuwa umehama tu. Notisi yenye faida ni ile inayolazimisha jengo lirekebishwe.

Sheria ya kufanya hivyo ipo. Kifungu cha 118 cha Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura ya 242, kinahesabu kuwa kero nyumba iliyosongamana kiasi cha kudhuru afya, na pia nyumba isiyo na maji safi karibu. Chini ya kifungu cha 119 afisa wa afya hutoa notisi yenye kutaja muda. Hapo pana jambo ambalo wapangaji wengi hawalijui: aliyesababisha kero asipopatikana, notisi inaweza kumwangukia mkaaji, lakini kasoro ikiwa ya jengo lenyewe, lazima apewe mwenye nyumba. Ukiandika "watu ni wengi mno", umemwelekezea mpangaji kidole. Ukiandika "chumba hakina dirisha la nje", mzigo unarudi kwa landilodi. Akikaidi, kifungu cha 120 kinampeleka mbele ya hakimu, ambaye anaweza kuamuru kazi ifanywe, au nyumba isikaliwe hadi ifae.

Kwa hiyo pimeni. Chumba cha futi 10 kwa 10 ni mita za mraba 9.3. Kipimo ninachotumia ni dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu, yaani karibu mita 1 kwa sentimita 90, na angalau nusu yake ifunguke. Dirisha linalotazama korido yenye giza silihesabu, wala lile la kwenye uwazi wa kati ambao juu umeezekwa mabati. Katika mtaa wa Pipeline ghorofa zimebanana hata kutoboa ukuta wa nje hakusaidii, maana utakutana na ukuta wa jirani. Pale dawa ni kuondoa yale mabati ya juu na kuvunja chumba cha mwisho wa korido kila ghorofa ili upepo upite. Landilodi atapoteza kodi ya chumba hicho, na ndipo vita huanza. Lakini kifua kikuu huenezwa kwa hewa, na sumu ya jiko la makaa haina harufu ya kumwamsha aliyelala. Hewa lazima ipite.

Kwa vyoo, hesabu milango ya vyumba, kisha gawanya kwa vyoo vinavyofanya kazi siku hiyo. Choo chenye kufuli ambacho ufunguo wake anao keateka (mwangalizi wa ploti) peke yake si choo cha wapangaji. Ukaguzi ufanyike saa kumi na mbili asubuhi, foleni ikiwa bado ipo. Ukienda saa nne, watu wameshaenda kazini, na chumba cha watu 7 kitaonekana cha mtu mmoja. Ikibidi kwenda mchana, hesabu magodoro yaliyosimamishwa ukutani na miswaki.

Malalamiko yapelekwe kwa ofisi ya afya ya umma ya kaunti ndogo, kwa barua moja ya wapangaji wengi, ili asichaguliwe mmoja wa kufungiwa mlango. Taja namba ya chumba, kasoro yake, na jina la anayepokea kodi. Hili la mwisho ni muhimu sana Mukuru na Kibera, ambako mwenye nyumba ya mabati mara nyingi siye mwenye ardhi, na notisi isiyo na jina huishia kubandikwa mlangoni.

Nyufa zinazopanuka ni suala tofauti: hapo watu watoke kwanza. Jengo la Huruma lililoanguka tarehe 29 Aprili 2016 lilikuwa limeshaamriwa kubomolewa, na bado watu walikuwa wakilala ndani.

Na landilodi akipandisha kodi baada ya kuweka dirisha? Jopo la kudhibiti kodi za nyumba (Rent Restriction Tribunal) husikiliza kesi za nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kwa vyumba vingi vya mabati mlango huo ungali wazi, lakini vya ghorofa za Pipeline vilishaupita kiwango hicho zamani, na kiwango hicho kinapaswa kubadilishwa.