Mwezi Mtupu: Yanayosemwa, Yaliyo Kweli, na Saa za Nyanda za Juu Kusini

Simu zimefikisha unajimu wa Ulaya na Marekani hadi Mwanjelwa na Mafinga. Mtu anataka kufungua duka la pembejeo Uyole, kusaini mauziano ya kiwanja Iringa mjini au kupeleka posa Makete. Anafungua jedwali kwenye simu, anaona Mwezi ni mtupu kuanzia saa fulani hadi saa fulani, basi anaahirisha. Mara nyingi anakwepa saa ambazo hazimo kabisa katika kipindi hicho, na shughuli yake anaiangusha katikati ya kile alichokuwa anakikimbia. Jedwali liko sahihi, ila limesomwa vibaya.

Kwanza jambo lenyewe. Mwezi huzunguka nyota 12, zile ambazo wanafalaki huziita burji, kwa siku 27.3. Kila nyota huipita kwa wastani wa siku mbili na saa sita na nusu hivi. Ukiwa ndani ya nyota moja hufikia mitazamo na Jua pamoja na sayari: kukutana nazo, kuwa mbali nazo kwa digrii 60, 90 au 120, au kukabiliana nazo kwa digrii 180. Ukimaliza mtazamo wa mwisho, kinachobaki ni kutembea tu hadi mpaka wa nyota inayofuata. Safari hiyo ya mwishoni, isiyo na mtazamo wowote, ndiyo Mwezi mtupu. Falaki ya Kiarabu huiita khali as-sayr, yaani mtupu wa mwendo. Wanajimu hufundisha kwamba jambo linaloanzishwa humo halifiki lilikokusudiwa.

“Mwezi mtupu ni ule usioonekana angani.”

Sivyo. Giza la mwezi hutokea mara moja tu kwa mwezi, wakati Mwezi uko upande wa Jua. Mwezi mtupu hutokea karibu kila unapobadilisha nyota, na kwa mwaka mzima hubadilisha nyota mara 160 hivi. Unaweza kuwa mtupu ukiwa mpevu, unaangaza mlima Loleza wote. Wavuvi wa usipa wa Ziwa Nyasa, kule Kyela, hufuata usiku wa giza kwa sababu taa zao huvuta samaki vizuri kusipokuwa na mbalamwezi. Hilo ni suala la mwanga, na mtu hulishuhudia kwa macho. Utupu wa Mwezi hauonekani kwa macho hata kwa darubini, kwani ni hesabu ya pembe na mipaka.

“Jedwali limeandika 9:40, basi ni saa 9:40.”

Hapa ndipo watu wengi huanguka, na huanguka mara mbili.

Majedwali mengi ya mtandaoni hutumia saa za New York. Sisi tuko mbele ya New York kwa saa 8 wakati wa baridi yao. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, wakiwa wamesogeza saa zao mbele, tofauti inabaki saa 7. Jedwali la London huongezewa saa 3, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba huongezewa saa 2. Likiwa limeandikwa UT au UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza 3 mwaka mzima bila kujali msimu.

Chukua jedwali la New York la mwezi Januari linalosema Mwezi unakuwa mtupu Jumanne saa 9:40 PM. Ongeza 8, unapata 5:40 AM ya Jumatano. Siku imebadilika, na asiyeangalia hilo ataikwepa Jumanne yote bure. Kosa la pili linafuata hapo hapo. Hiyo 5:40 AM ni saa 11:40 alfajiri kwa saa yetu ya Kiswahili. Anayeandika kwenye daftari “saa 5:40 asubuhi” amejisogeza saa sita mbele, na ukizingatia kwamba vipindi vingi ni vya saa chache tu, kipindi chote kinaweza kuwa kimeshapita kabla hajaanza kujihadhari.

Njia salama ni kugeuza kwa hatua: andika tarehe na saa ya jedwali kama zilivyo, ongeza tofauti, rekebisha siku ikivuka usiku wa manane, kisha ndipo uhamishie saa ya Kiswahili kwa kutoa sita, au kuongeza sita ikiwa namba haitoshi kutolewa. Usiruke hatua ya kuandika siku. Programu ya simu ambayo tayari imewekwa saa za Afrika Mashariki hukuondolea kazi hii, lakini ihakiki kwanza. Mwezi unapoingia nyota mpya, linganisha muda wake na jedwali la UTC uliloongezea 3. Ikipishana kwa saa nzima nzima, mpangilio wa saa una kasoro.

“Mlimani hali ni tofauti na Pwani.”

Hapana. Kuanza na kuisha kwa utupu ni dakika ile ile kwa Mbeya, Njombe, Dar es Salaam na Tokyo, kinachotofautiana ni saa za ukutani. Wala haihusu nyota yako ya kuzaliwa. Punda na Samaki wana Mwezi mmoja.

“Majedwali yote lazima yafanane.”

Yanaweza kupishana, kila moja likiwa sahihi kwa kanuni zake. Wanajimu wa kale walihesabu Jua na sayari tano zinazoonekana kwa macho: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Wa kisasa wameongeza Uranus iliyogunduliwa mwaka 1781, Neptune ya 1846 na Pluto ya 1930. Kuongeza kwao hubadilisha mtazamo wa mwisho ni upi.

Tuseme, kwa mfano wa kufundishia, saa 6 mchana Mwezi uko digrii 18 ya Ng’ombe. Zuhura iko digrii 21 ya Kaa, Zohali digrii 24 ya Samaki. Nyingine zote za kale Mwezi umeshazipita katika nyota hii. Ukifika digrii 21 unatazamana na Zuhura kwa digrii 60, ukifika 24 unatazamana na Zohali kwa 60, na hapo umemaliza. Kila nyota ina digrii 30, kwa hiyo zimebaki digrii 6 hadi mpaka wa Mapacha. Mwezi hutembea wastani wa digrii 13.2 kwa siku, yaani zaidi kidogo ya nusu digrii kwa saa, hivyo digrii 6 ni kama saa 11. Utupu utaanza karibu saa 4:55 usiku na kuisha karibu saa 3:50 asubuhi ya kesho yake.

Sasa mweke Uranus digrii 27 ya Ng’ombe. Mwenye jedwali la kisasa atasema Mwezi bado una mkutano mmoja mbele, na utupu hauanzi hadi karibu saa 10:20 alfajiri. Saa 11 zimekuwa tano na nusu. Kasi nayo hubadilika, kwani Mwezi ukiwa karibu na Dunia huvuka digrii 15 kwa siku, ukiwa mbali hushuka hadi karibu 12. Ndiyo maana hesabu ya kidole ni ya kukadiria tu, na dakika kamili hutoka kwenye jedwali. Chagua kanuni moja uishike. Kuruka kutoka jedwali hadi jedwali kutafuta lile linalokupendeza ni kujidanganya.

Kuna pia programu zilizowekwa mfumo wa Kihindi. Mipaka ya nyota zake imepishana na ile ya Kimagharibi kwa digrii 24 hivi, kwa hiyo Mwezi huingia nyota ya jina lile lile kama saa 44 baadaye. Ukikuta tofauti ya karibu siku mbili, sababu ni hiyo. Fungua mipangilio uangalie.

“Mwezi mtupu ndio nge.”

Hivi ni vitu viwili. Wazee wa falaki wa Pwani hukwepa harusi na safari Mwezi unapokuwa katika nyota ya Nge, au Akrabu. Kipindi hicho ni cha siku mbili na ushei, mara moja katika kila mzunguko. Utupu unaweza kutokea ndani ya nge, mwishoni mwake, kama unavyotokea katika nyota nyingine yoyote, na huchukua dakika chache, saa kadhaa, na mara chache zaidi ya siku nzima. Anayechanganya mawili haya atafunga biashara siku tatu kwa jambo la saa mbili.

“Wakati huo usifanye kitu.”

Mafundisho yenyewe hayasemi hivyo. Yanahusu kuanzisha. Kazi inayoendelea huendelea: dukani utauza, ng’ombe atakamuliwa asubuhi na jioni, fundi atamalizia lipu aliyoianza jana. Tena wanajimu huusifu wakati huu kwa kupitia hesabu za kikundi, kusafisha ghala, kukarabati mashine, kuswali au kusali, kupumzika.

Linalohitaji umakini ni kujua mwanzo wa jambo ni upi. Kwa mauziano ya kiwanja ni kutia saini. Mazungumzo ya bei ya wiki nzima hayaingii. Kwa ndoa ni kuozeshwa au kiapo, si kupika pilau. Kwa duka ni kufungua mlango kwa mteja wa kwanza. Kwa safari ni gari kuondoka, kwa hiyo mzigo wa parachichi uliotoka Tukuyu kabla ya utupu hauharibiki kwa kuwa lori liko Makambako utupu ulipoanza.

Hata hapo kuna ngazi. William Lilly, mnajimu wa London aliyeandika mwaka 1647, alifundisha kwamba Mwezi mtupu bado hutenda kiasi ukiwa Ng’ombe, Kaa, Mshale au Samaki: mahali unapotukuzwa, nyumbani kwake, na katika nyumba mbili za Mshtarii. Yeye aliutumia hasa kujibu maswali, mtu anapouliza kama jambo fulani litatimia. Kupanga ratiba ya kila siku kwa jedwali la utupu ni desturi iliyoenea baadaye sana, katika karne ya 20.

“Mkulima asipande wala asipulizie.”

Dhana hii ndiyo yenye hasara ya kweli, na inasikitisha kuona mtu anapoteza shamba kwa ajili yake. Mahindi ya nyanda za juu hupandwa udongo ukishalowa mvua za kwanza, na mbegu hukaa siku kadhaa ikinyonya maji kabla ya mche kutokeza. Kusogeza kupanda kutoka asubuhi hadi alasiri hakudhuru. Kusogeza wiki, kwa sababu ulirundika utupu juu ya nge juu ya giza la mwezi, kunakula msimu.

Viazi ni hatari zaidi. Bakajani chelewa, ugonjwa wa ukungu wa viazi, hupenda baridi na unyevu wa Umalila na Uporoto, na hali ikiuruhusu huangusha shamba ndani ya wiki moja au siku kumi. Dawa ya ukungu hupuliziwa umande ukishakauka na kabla mvua ya mchana haijashuka, ili ipate kukauka kwenye majani. Dirisha hilo ni la saa chache, na ukiliacha lipite kwa sababu ya jedwali, kesho yake huenda usilipate. Majani mabichi ya chai ya Rungwe na Mufindi nayo yakibanwa kwenye magunia hupata joto na kuharibika, na lazima yafike kiwandani siku ile ile. Hata kwa kanuni za wanajimu, kupulizia shamba lililokwisha pandwa na kuchuma chai ni kuendeleza.

Vivyo hivyo tarehe ya mahakama, mwisho wa kulipa kodi, na mgonjwa wa kukimbizwa hospitali. Hakuna jedwali la kushauriana nalo hapo.

“Imethibitishwa, maana Mwezi huvuta bahari.”

Mwezi huvuta bahari kweli, kwa uzito na umbali wake. Mvuto huo haubadiliki kwa Mwezi kuvuka mpaka kati ya Ng’ombe na Mapacha, kwa sababu mpaka huo ni mgawanyo wa duara katika sehemu 12 za digrii 30, uliowekwa na watu. Hakuna ushahidi wa kisayansi kwamba mikataba iliyosainiwa Mwezi ukiwa mtupu huvunjika zaidi ya mingine. Huu ni utaratibu wa kimila wa kuchagua saa, na unafaa pale tu ambapo saa zote mbili unazochagua kati yake ni sawa kwako kwa kila kitu kingine.

“Ukiwahi hata dakika tano kabla ya utupu, umeponea.”

Kwa hesabu, ndiyo. Kwa maisha yetu, jaribu uone. Utupu unaanza saa 8 mchana, ndoa imepangwa saa 7:30, bwana harusi anatoka Tunduma, foleni Mlowo. Saa 8:20 ndiyo kwanza anashuka garini. Anayefuata jedwali apange jambo baada ya utupu kuisha, si kabla ya kuanza, kwa kuwa kuchelewa baada ya kuisha hakumrudishi ndani. Ukiisha saa 3:50 asubuhi, andika kwenye kadi saa 4:30. Wageni wakifika saa 6, bado mko nje ya utupu.