Mume naye apimwe: maswali na majibu kuhusu oksidi ya nitriki na mbegu za kiume

Oksidi ya nitriki ni kitu gani?

Ni gesi ambayo kila molekuli yake ina chembe moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni. Seli za mwili huitengeneza zenyewe kutokana na asidi amino iitwayo arginini, nayo hudumu kwa sekunde chache tu kabla ya kutoweka. Kazi yake ni kupeleka taarifa baina ya seli, na inayojulikana zaidi ni taarifa inayoiamuru mishipa ya damu ilegee na kutanuka. Ni kwa ugunduzi huo Wamarekani watatu, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Inahusiana vipi na uzazi wa mwanaume?

Inahusiana kwa njia mbili, na nawaomba wasomaji wa kiume wazitenganishe tangu sasa.

Ya kwanza ni kusimama kwa uume. Mishipa ya neva ya uume hutoa gesi hii, mishipa ya damu ikalegea, damu ikaingia kwa wingi. Hiyo ni kazi ya mishipa, na mbegu haihusiki nayo.

Ya pili hufanyika ndani ya mbegu yenyewe. Mbegu ya kiume inapomwagwa haiwezi kulirutubisha yai papo hapo. Inahitaji saa kadhaa ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke ili ikamilishe matayarisho yake ya mwisho, jambo lililogunduliwa mwaka 1951 na Min Chueh Chang nchini Marekani na Colin Austin nchini Australia, kila mmoja kwa utafiti wake. Katika saa hizo utando wa mbegu hupoteza sehemu ya kolesteroli yake, madini ya kalisi huingia, mkia huanza kupiga kwa nguvu zaidi, na hatimaye kifuko kilicho kichwani mwa mbegu, kiitwacho akrosomu, humwaga vimeng'enya vinavyoisaidia mbegu kulipenya ganda la yai. Oksidi ya nitriki ikiwa kwa kiasi kidogo huzisukuma mbele hatua hizi. Ikizidi, huungana na superoksidi, kemikali kali itokanayo na oksijeni, na kuzaa peroksinitriti, sumu inayounguza mafuta ya utando wa mbegu, kuudhoofisha mkia na kukata nyuzi za urithi. Gesi ni ileile. Kinachotofautisha msaada na madhara ni kiasi.

Mbona tafiti nyingi za jambo hili zinamtaja nguruwe?

Wasomaji wengi wa Tanga wataniwia radhi kumtaja mnyama huyu, lakini sababu ni ya kimaabara tu. Katika nchi zinazofuga nguruwe kwa wingi, upandishaji kwa mrija, yaani kumtia jike shahawa bila kukutana na dume, umeenea sana, hivyo shahawa za dume hupatikana kwa urahisi na huhifadhiwa zikiwa bichi kwenye ubaridi wa takribani nyuzi 17 za Selsiasi. Utando wa mbegu zake una mafuta mengi yanayounguzwa upesi na oksijeni, na kwa hiyo madhara ya gesi kuzidi huonekana wazi. Vimeng'enya vinavyotengeneza oksidi ya nitriki vimeonekana ndani ya mbegu za nguruwe, na watafiti walipovizuia, matayarisho niliyoyaeleza yalizorota. Si kila jambo la nguruwe linamhusu binadamu, ila kwa hili la kiasi kidogo kufaa na kingi kudhuru, mbegu za binadamu nazo zimeonyesha mwelekeo huohuo.

Nguvu zangu za kiume hazina kasoro. Kwa nini nipimwe shahawa?

Kwa sababu nguvu za kiume si mbegu za kiume. Mwanaume anaweza kusimamisha vizuri kila siku, akatoa shahawa nyingi na nzito, na darubini isione mbegu hata moja. Jicho halioni mbegu. Sehemu kubwa ya shahawa ni majimaji ya tezi.

Tunachokiona kliniki mwaka hadi mwaka ni mwanamke kuletwa na mama mkwe, tena akiwa ameshapigwa altrasaundi zaidi ya mara moja, amepimwa mirija, ametumia dawa za kusafisha kizazi na kunywa makombe, huku mume hajawahi kutoa hata sampuli moja. Ninapouliza, "Mama, mwanao naye amepimwa?" hujibiwa kwamba mwanawe ni mzima kabisa. Amejuaje?

Nina mtoto niliyempata zamani. Bado nipimwe?

Ndiyo, upimwe. Mtoto wa miaka kumi iliyopita ni ushahidi wa mbegu za miaka kumi iliyopita. Tangu hapo unaweza kuwa umeugua kisonono kilichoziba njia za mbegu, umeanza sigara, au mishipa ya korodani imevimba.

Kama mke ana tatizo lililothibitishwa, je?

Mume apimwe vilevile. Katika takribani nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una mchango, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke. Na anayetaka kuoa mke wa pili kwa sababu wa kwanza hakushika mimba, apimwe kabla ya kupeleka posa. Nimeona wake wawili wa mume mmoja wakisubiri kwenye benchi moja, na mume hayupo.

Tusubiri kwa muda gani?

Mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kinga, na miezi sita ikiwa mke amevuka miaka 35. Mwenye historia ya kuvimba korodani, au aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa sehemu hizo, asisubiri kabisa. Wengi hutufikia baada ya miaka mitano au sita, wakati umri wa mke umeshaanza kupunguza ubora wa mayai, na muda huo hakuna dawa inayourudisha.

Unga na vidonge vya kuongeza nguvu haviongezi gesi hii na mbegu?

Haviongezi mbegu. Sildenafili, ambayo ndiyo dawa ya nguvu inayojulikana zaidi, haitengenezi hata oksidi ya nitriki yenyewe. Huzuia tu taarifa iliyoletwa na gesi hiyo isifutike mapema kwenye mishipa ya uume. Katika nchi nyingi, unga unaouzwa kama dawa ya asili umekutwa umechanganywa na sildenafili bila mnunuzi kuambiwa. Mgonjwa wa moyo anayetumia vidonge vya nitrati, vile vya kuweka chini ya ulimi, akimeza unga huo shinikizo lake la damu linaweza kuporomoka hadi akafa, kwa kuwa nitrati nazo hufanya kazi kwa kutoa oksidi ya nitriki. Anayeuza barabarani hakuulizi kama una ugonjwa wa moyo.

Sindano za testosteroni ni balaa jingine: huuambia ubongo kwamba homoni inatosha, na korodani hupunguza au huacha kabisa kutengeneza mbegu.

Ni mambo gani hapa kwetu yanayoziharibu mbegu?

Joto ni mojawapo. Korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili, kwa hiyo fundi anayeshinda mbele ya tanuri la chokaa na dereva wa lori anayekaa juu ya injini kutwa nzima watueleze kazi zao wanapokuja. Sigara huongeza kemikali zilezile zinazoungana na oksidi ya nitriki. Mishipa ya korodani iliyovimba, ambayo daktari huita varikoseli, huleta joto na kuifanya gesi hii izidi. Inaweza kutibiwa kwa upasuaji. Na busha, ambalo kwetu pwani limezoeleka hata wenyewe wanalifanyia mzaha, lisifichwe ndani ya kanzu kwa miaka: nalo huongeza joto la korodani, na upasuaji wake unajulikana vyema.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Usimwage shahawa kwa siku mbili hadi saba kabla. Sampuli hutolewa faraghani kwenye chombo safi kilichotolewa na maabara. Anayeona uzito kwa sababu za dini aseme, kwa kuwa zipo kondomu maalumu zisizoua mbegu zinazoweza kutumika akiwa na mkewe. Kondomu za kawaida hazifai. Ukiitolea nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa imekaa karibu na mwili, isiwekwe kwenye friji wala juani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 zinazotembea, kuwa mipaka ya chini ya kulinganishia.

Majibu yakiwa mabaya?

Kipimo hurudiwa, kwa sababu homa moja kali ya malaria inaweza kuyashusha majibu. Mbegu huchukua karibu miezi mitatu tangu kuanza kutengenezwa hadi kutoka, kwa hiyo aliyeacha sigara leo asitegemee mabadiliko wiki ijayo. Vidonge vya arginini visinunuliwe kwa ushauri wa jirani, hasa kwa mtu ambaye pengine gesi hii imeshamzidi. Na safari hii mje wote wawili.