Sayansi ya Kikristo si maombezi, wala si Sayantolojia

Sayansi ya Kikristo ni dhehebu lililoanzishwa na Mary Baker Eddy huko Boston, Marekani, mwaka 1879. Linafundisha kwamba ugonjwa si kitu halisi mbele za Mungu, na humtoka mtu akiitambua asili yake ya kiroho. Basi. Sayantolojia ni dini nyingine, ya mwandishi Mmarekani L. Ron Hubbard, imezaliwa miaka ya 1950, na hayo mawili hayana undugu wowote zaidi ya mlio wa jina.

Kinachopotosha ni hilo neno "sayansi". Lilitufikia kutoka Kiingereza likiwa limeshavaa koti jeupe la maabara. Mzizi wake wa Kilatini, scientia, ni kujua tu, na kwa maana hiyo "elimu", tuliyoipata kwa Waarabu, ingemfaa Eddy zaidi. Alichodai ni kwamba Yesu aliponya kwa kanuni isiyobadilika, ambayo yeyote anaweza kujifunza kama anavyojifunza hesabu. Ndiyo maana kusema wanahubiri "miujiza" ni kuwakosea: kwao hakuna sheria ya Mungu iliyorukwa.

Na maombezi tuyajuayo hayamo. Hakuna kuwekewa mikono, mafuta wala kukemea pepo. Hata ubatizo wa maji na mkate wa meza ya Bwana hawana. Tabibu wao, ambaye si daktari ila amepitia darasa la masomo 12 kwa wiki mbili hivi, anaweza kuwa mji mwingine kabisa, amepigiwa simu. Hapimi wala hatafuti jina la ugonjwa, kwani kwao kuutaja kwa sauti kunaweza kuukaribisha akilini. Kimya kimya anaanza kuituliza hofu ya mgonjwa, kisha anaukana ugonjwa, kisha anashikilia kwamba huyu ni sura na mfano wa Mungu, hana kasoro. Halafu anatoza ada, ndiyo. Mgonjwa akianza dawa za hospitali, mara nyingi tabibu hujitoa, maana anaona njia hizo mbili zinavutana. Mfupa uliovunjika, Eddy mwenyewe aliruhusu uungwe na daktari. Pabaya pamekuwa kwenye maradhi kama homa ya uti wa mgongo: watoto wamekufa, na wazazi wamefikishwa mahakamani huko Marekani.

Kwa hiyo ukimsikia muumini wao akisema jana alitibiwa, usimuulize alipewa vidonge gani, wala usimsahihishe kwa "kumbe uliombewa". Hilo la kutibiwa amelichagua makusudi.