Injini zikizimika, ndege haianguki kama jiwe

Katika miaka yote niliyofundisha urubani, hakuna sentensi iliyonichosha kama hii: "Injini zikizimika, kwisha, ndege inadondoka kama jiwe." Juzi nimeisikia tena, na aliyeitamka ni mwanafunzi aliyekwisha kufaulu mtihani wa nadharia!

Hapana. Kazi ya injini ni kusukuma. Kinachoibeba ndege ni mbawa, na mbawa zinachotaka ni mwendo. Injini zikinyamaza, rubani huinamisha pua kidogo, na uzito wa ndege ndio unaoipa mwendo. Mtazame mwewe anavyozunguka angani bila kupiga bawa.

Julai 23, 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa futi 41,000 juu, kisa mafuta yalihesabiwa kwa ratili badala ya kilo. Kapteni Bob Pearson, ambaye alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege zisizo na injini kabisa, aliishusha Gimli, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi la anga la Kanada. Watu wote 69 walitoka hai. Agosti 24, 2001, Airbus A330 ya Air Transat, ikitoka Toronto kwenda Lisbon, ilivuja mafuta juu ya Atlantiki hadi yakaisha. Iliambaa hewani takriban dakika 19, injini zote mbili zimekufa, ikatua Lajes kwenye visiwa vya Azores. Watu 306, wote hai. Jiwe gani hukaa hewani dakika 19?

Wewe mwenyewe umeshaonja hali inayokaribiana na hiyo. Jeti inapoanza kushuka kutoka juu, mara nyingi injini hupunguzwa hadi karibu hazisukumi kitu.

Dhana nyingine potofu kuhusu urukaji nazimaliza haraka. Ndugu wawili Wright hawakuwa watu wa kwanza kupaa: baluni zilibeba watu Paris mwaka 1783. Walichofanya Desemba 17, 1903 ni kurusha ndege ya injini, nzito kuliko hewa, huku wakiiongoza. Lindbergh naye, rubani Mmarekani, hakuwa wa kwanza kuvuka Atlantiki bila kutua: alichofanya mwaka 1927 ni kuivuka peke yake. Waingereza wawili, Alcock na Brown, walikwishaivuka bila kutua mwaka 1919. Na Hindenburg, ile puto kubwa ya Kijerumani ya kusafirisha abiria iliyowaka moto mwaka 1937, haikuua wote: kati ya 97 waliokuwemo, 62 walinusurika.

Ukipanda ndege na hofu bado ipo, hesabu mistari ya viti kati yako na mlango wa dharura, mbele na nyuma. Moshi ukitanda, utaihesabu kwa mikono.